Deni la Askari wa Washington

Tarehe 15 Machi, 1783, katika kambi ya Newburgh kando ya mto Hudson, maafisa wa jeshi la Marekani walikusanyika katika jengo ambalo jeshi lenyewe lilikuwa limelijenga, nyoyo zao zikiwa zimejaa uchungu. Vita vya kuuondoa utawala wa Mfalme wa Uingereza vilikuwa vimekwisha kwa hakika, ingawa mkataba wa amani ulikuwa haujatiwa sahihi. Jenerali Cornwallis alikuwa amekwisha kusalimu amri huko Yorktown tangu Oktoba 1781. Lakini jeshi lililomshinda lilikuwa halijalipwa. Wengine walidai mishahara ya miezi mingi, wengine ya miaka. Na yale malipo ya uzeeni ambayo maafisa waliahidiwa mwaka 1780, nusu ya mshahara kwa maisha yao yote, hakuna aliyekuwa na hakika nayo tena.

Siku 5 kabla ya mkutano huo, waraka usio na sahihi ulikuwa umesambazwa kambini. Mwandishi wake alikuwa Meja John Armstrong, lakini hilo lilikuja kujulikana baadaye. Waraka ulisema kwamba serikali isiyowajali askari wakati wameshika silaha haitawakumbuka wakishazirudisha ghalani. Amani ikija, ulisema, jeshi likatae kuvunjwa. Na vita vikiendelea, jeshi lijiondoe na kuwaacha wanasiasa wakutane na adui peke yao. Mtu yeyote aliyewahi kuishi kambini anajua waraka wa namna hiyo unavyosomwa, na unavyosomwa tena usiku taa zikishazimwa.

Inafaa tueleze chanzo cha ukata huo, maana si kweli kwamba nchi nzima ilikuwa fukara. Biashara ilikuwapo, mashamba yalikuwapo, na wafanyabiashara waliotajirika kwa vita walikuwapo. Kilichokosekana ni mamlaka. Chini ya mapatano yaliyoyaunganisha majimbo 13 mwaka 1781, Kongresi, yaani bunge lao, ilikuwa na uwezo wa kutangaza vita na kuajiri jeshi, lakini haikuwa na uwezo wa kutoza kodi hata senti moja. Ilipaswa kuyaomba majimbo, nayo majimbo yalitoa yakipenda. Ilipopendekezwa kwamba bidhaa za kutoka nje zitozwe ushuru wa asilimia 5, jimbo la Rhode Island, dogo kuliko yote, lilikataa mwaka 1782, na kwa kuwa kauli moja ya majimbo yote ilihitajika, mpango ukafa. Noti zilizochapishwa na Kongresi nazo zilikuwa zimekwisha kuwa makaratasi matupu.

Basi siku hiyo ya Machi, Jenerali George Washington aliingia ukumbini bila kutazamiwa. Aliwasomea maafisa wake hotuba kali akiulaani ule waraka, akiwaonya wasije wakaitia nchi yao katika bahari ya damu ya ndugu kwa ndugu. Hotuba haikuwalainisha sana. Kisha akatoa mfukoni barua ya mjumbe mmoja wa Kongresi ili awasomee. Akasita. Akatafuta miwani, ambayo maafisa wengi hawakuwahi kumwona akiivaa, akaomba radhi, akisema kwamba amezeeka katika utumishi wao na sasa macho nayo yanafifia. Wapo waliotokwa na machozi. Alipoondoka, maafisa walipitisha azimio la utiifu kwa Kongresi, na wiki moja baadaye Kongresi ikabadili ahadi ya nusu mshahara wa maisha kuwa kiinua mgongo cha mshahara kamili wa miaka 5. Desemba 23 mwaka huo, Washington alikwenda Annapolis, akasimama mbele ya wajumbe wachache wa Kongresi, akawarudishia amri aliyopewa ya kuongoza jeshi, akaenda zake shambani.

Vitabu vingi vya historia hupenda kuishia hapo. Ni kisa kizuri, na ni cha kweli. Lakini waliokuwa katika ukumbi ule walikuwa maafisa. Askari wa kawaida hawakuitwa, wala kiinua mgongo kile hakikuwahusu.

Wao waliruhusiwa kwenda makwao kuanzia Juni 1783, kwa makundi madogo madogo, wakiwa na hati za mshahara wa miezi 3 na ahadi kwamba hesabu nyingine zitafuata. Kikosi kimoja cha Pennsylvania hakikuridhika. Tarehe 21 Juni askari hao waliizingira ikulu ya jimbo mjini Philadelphia, na Kongresi ikahamia Princeton. Uasi huo ulizimika upesi. Wengine wote waliondoka kimya kimya, wakitembea kwa miguu. Miongoni mwao alikuwamo Joseph Plumb Martin, aliyejiunga na jeshi mwaka 1776 akiwa na umri wa miaka 15 na kutumika mpaka mwisho. Katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1830 anaeleza kwamba alipopata hati zake za deni aliziuza baadhi ili anunue nguo za heshima, ndipo akaondoka West Point. Maelfu walifanya hivyo. Hati haipikwi ikalika, na wanunuzi walikuwa tayari wakisubiri. Hao walikuwa walanguzi wa mijini, walionunua kwa sehemu ndogo ya thamani iliyoandikwa.

Yaliyofuata yaliumiza zaidi. Jimbo la Massachusetts liliazimia kulipa madeni yake ya vita upesi, likaongeza kodi na kutaka ilipwe kwa sarafu za fedha, ambazo mkulima wa bara hakuzijua kwa macho. Ndugu askari, tazameni jambo hilo lilivyokuwa. Mpiganaji aliyeiuza hati yake kwa njaa sasa alitozwa kodi ili mlanguzi aliyeinunua alipwe riba. Aliyeshindwa alipelekwa mahakamani, akanyang'anywa ng'ombe, shamba, au akafungwa kwa deni. Mwezi Agosti 1786 wakulima walianza kuzifunga mahakama. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Daniel Shays, aliyekuwa kapteni katika vita vya uhuru, mtu ambaye kwa umaskini alikuwa ameuza upanga aliozawadiwa na Jenerali Lafayette.

Hazina ya jimbo haikuwa na fedha za kuwalipa askari wa kuwazima, kwa hiyo matajiri wa Boston walichanga wenyewe. Tarehe 25 Januari, 1787, watu wa Shays walilielekea ghala la silaha la Springfield. Aliyelilinda alikuwa Jenerali William Shepard, naye pia mkongwe wa vita vile vile. Mizinga ikafyatuliwa, watu 4 wakafa katika theluji, na waliobaki wakatawanyika. Watu 2 walinyongwa baadaye. Shays mwenyewe alisamehewa mwaka 1788. Katika uchaguzi wa 1787 wananchi walimwangusha gavana aliyewapelekea jeshi. Kura, kwa mara hiyo, ilifanya kazi ambayo bunduki haikuweza.

Hofu ya Springfield iliingia pamoja na wajumbe katika chumba cha Philadelphia, ambako Katiba mpya iliandikwa kuanzia Mei hadi Septemba 1787. Serikali ya muungano ilipata uwezo wa kutoza kodi. Rais, mtu wa kuchaguliwa, akawa Amiri Jeshi Mkuu, na ikaandikwa kwamba bunge lisitenge fedha za jeshi kwa muda unaozidi miaka 2. Mashaka ya raia kwa jeshi hayakuwa madogo wakati huo. Juni 1784 Kongresi ilikuwa imelivunja jeshi lote, ikabakiza askari 80 tu wa kulinda maghala ya Fort Pitt na West Point.

Hatimaye deni lililipwa, lakini tuulize lililipwa kwa nani. Mwaka 1790 Alexander Hamilton, waziri wa fedha, alitaka hati zilipwe kwa thamani yake yote, kwa yeyote aliyezishika. James Madison aliomba askari aliyeiuza kwa shida apewe angalau sehemu. Hoja yake ilishindwa kwa kura 36 dhidi ya 13. Tumtendee haki Hamilton: alisema kwamba taifa linalobadili masharti ya deni lake halitakopeshwa tena, na kweli mikopo ilipatikana. Lakini wakati hoja ikijadiliwa, wajumbe wa walanguzi walikuwa wakizunguka mikoa ya ndani kununua hati kwa watu ambao habari hizo zilikuwa hazijawafikia.

Wapo pia waliopigana wakisahauliwa zaidi. Weusi wapatao 5,000 waliutumikia upande wa Marekani. Rhode Island mwaka 1778 iliwapa uhuru watumwa walioandikishwa jeshini, na majimbo ya kaskazini yakaanza kuufuta utumwa. Hata hivyo hesabu ya watu ya 1790 ilikuta watumwa karibu 700,000, na sheria ya wanamgambo ya 1792 iliwataka wazungu peke yao. New York ilipobadili katiba yake mwaka 1821, mzungu aliyetumika katika wanamgambo aliweza kupiga kura hata kama hakuwa na ardhi. Mweusi alitakiwa awe na mali ya dola 250.

Askari wa kawaida alikumbukwa mwaka 1818, miaka 35 baada ya kuondoka kambini. Sheria ilimpa dola 8 kwa mwezi, mradi awe fukara. Mwaka 1820 ikaongezwa kwamba athibitishe ufukara huo mahakamani, kwa kuorodhesha mali yake. Joseph Plumb Martin alikuwa amelima kwa miaka mingi huko Maine, katika ardhi ambayo Jenerali Henry Knox, mkuu wa mizinga wa Washington, alidai ni yake, na ardhi hiyo ilikuwa imekwisha kumtoka. Alifika mbele ya mahakama akiwa na karibu miaka 60, akaapa kwamba mbali na matandiko na nguo zake ana ng'ombe 2, kondoo 6 na nguruwe 1.