Kabla ya swaga kulikuwa na naizesheni

Siku hizi kijana akitembea bega moja juu, miwani ya jua usoni hata jioni, tunasema ana swaga. Neno tumelikopa kwa Kiingereza, na kwa Waingereza wenyewe si la jana. Shakespeare alilitumia kwenye tamthilia zake miaka ya 1590, tena kwa kejeli, akiwasema watu wa hovyo wanaojidai. Vijana weusi wa Marekani na hip hop yao ndio walioligeuza kuwa sifa, na sisi tukalipokea likiwa sifa tayari.

Lakini wadau, Kiswahili hakikuwa na njaa ya maneno ya namna hii. Tuna maringo, madaha, mikogo, mbwembwe, nyodo, majivuno, kiburi, mapozi. Wala hayafanani. Madaha unaweza kumsifia nayo bibi harusi anayeingia ukumbini taratibu. Jaribu kumsifia kwa nyodo uone! Zito kuliko yote ni jeuri. Limetoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni dhuluma. Kwa hiyo ndani ya neno hilo kuna mtu wa pili ambaye hatajwi: yule aliyeonewa.

Ukitazama historia yetu utaona mwendo wa mtu haukuwa mambo ya urembo tu. Chukua ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea Tanganyika. Watu walipiga gwaride mitaani wakiwa na tarumbeta, sare na vyeo vya kijeshi. Kulikuwa na Marini, wanajiona wastaarabu, na Arinoti, waliohesabiwa kuwa watu wa chini. Walishindana kwa mikogo. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita ya Kwanza waliitazama beni kwa wasiwasi, maana mtu mweusi anayetembea kama ofisa alikuwa anawatia kiwewe. Kwetu Gorong'a mwendo wa gwaride ulikuja na askari wenyewe. Wakurya wengi waliingia King's African Rifles, na mtu aliyepita jeshini humfichi hata akiwa anaswaga ng'ombe.

Uhuru ukaja 1961, na wenyeji wakaanza kupewa nafasi za wazungu maofisini. Mpango huo uliitwa kwa Kiingereza "Africanisation". Wananchi wakalikata neno hilo mkia ukabaki mkononi: naizesheni. Naizesheni ni yule bwana mkubwa mpya, suti, gari na sauti ya kuamuru. Wenye Mercedes wakaitwa wabenzi. Mlalahoi alikuwa kabwela. Ndani ya miaka michache mtaa ulikuwa umeshaunda kamusi nzima ya kuwasema wenye nchi.

Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu, wengine wakiwa ndani ya majoho yao mekundu, kupinga sheria ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa huku sehemu kubwa ya mshahara ikikatwa. Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, mkoani kwetu Mara, aliona pale wasomi waliokwisha kujitenga na waliowasomesha. Akawarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu na ushee baadaye likaja Azimio la Arusha.

Ila kwangu mimi kilele ni Februari 1971. Idi Amin alikuwa amempindua Obote mwezi mmoja kabla, na TANU ikatoa Mwongozo. Kifungu cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Hebu fikiria: chama tawala kinaandika maringo ya bosi kuwa kosa la kisiasa! Sidhani kama walioliandika walitegemea litachukuliwa neno kwa neno.

Wafanyakazi walilichukua hivyo hivyo. Kuanzia 1971 hadi 1973 viwanda vya Dar es Salaam na kwingineko vilikumbwa na migomo, na mara nyingi lalamiko la kwanza halikuwa mshahara. Lilikuwa meneja anayetukana, meneja mwenye dharau, meneja anayemwita mtu mzima kama mtoto. Walikuwa wakitaja Mwongozo mbele ya mkubwa wao. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimfungia nje mwenye kiwanda wakakiendesha wenyewe, na serikali ikakubali. Wengine walipotaka kuiga, serikali ikasema basi. Polisi wakaitwa, watu wakafukuzwa kazi. Nadhani hapo ndipo wakubwa walipotambua kwamba kifungu kile kinaweza kusomwa na kila mtu, hata kuwahusu wao.

Februari 1991 CCM ilikutana Zanzibar ikalegeza masharti ya uongozi yaliyotoka Arusha, na mbenzi akaacha kuwa tusi. Siku hizi bosi akimdharau mfanyakazi tunasema ana mapozi, tunacheka pembeni, tunarudi mezani kwetu.