Maji ya Mfereji na Dawa ya Ujinga: Elimu ya Afya Kutoka Madina Hadi Madibira

Madibira iko katika bonde la Usangu, Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, karibu na mpaka wa Iringa. Mto Ndembera huteremka kutoka nyanda za juu za Mufindi ukielekea Ihefu, na katika miaka ya 1990 maji yake yalielekezwa kwenye mradi wa umwagiliaji wa takriban hekta 3,000, uliogharimiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Tangu hapo mpunga ndio uhai wa watu wa huko. Mkulima husimama majarubani, maji yamemfika magotini, akipandikiza. Adhuhuri ikiingia, mfereji uko karibu, na hapo ndipo penye udhu. Maji hayo ni riziki, na ni twahara. Lakini maji ya namna hii, popote yalipo katika nchi zetu, yaweza pia kuwa mlango wa kichocho.

Kusudio letu ni kuangalia katika historia jinsi elimu ya afya, yaani mtu kuijua hatari, kuifahamu sababu yake na kuweza kuikwepa, ilivyookoa watu, na jinsi kukosekana kwake kulivyowaangamiza.

Tuanze na kisa kimoja. Amepokea Abu Dawud katika Sunan yake, kutoka kwa Jabir (R.A.), habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu anaweza kupata maji. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali, akawahesabu kuwa ndio waliomuua, akawafahamisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wanazuoni wa fiqhi wamekitumia kisa hiki katika mlango wa tayamamu. Sisi tunakiona pia kuwa ni mlango wa afya ya umma: watu wale hawakuwa na nia mbaya, walikuwa na hukumu bila ya ujuzi wa mwili wa mgonjwa.

Katika vitabu hivyo hivyo kuna makatazo ya kukojoa katika maji yaliyosimama, na ya kujisaidia penye vyanzo vya maji, njiani na kivulini. Mafaqihi waliyaweka katika mlango wa twahara na adabu za chooni. Hawakumjua mdudu wa kichocho, wala hatudai kwamba walimjua. Lakini aliyeyashika makatazo hayo aliyalinda maji ya jirani yake.

Sababu yenyewe ilifahamika baadaye sana. Mwaka 1851 daktari Mjerumani Theodor Bilharz, akifanya kazi Cairo, aligundua minyoo ndani ya mishipa ya damu ya maiti. Ndiyo maana ugonjwa huu huitwa pia bilhazia. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper, huko huko Misri, alithibitisha nafasi ya konokono. Mayai hutoka kwa mkojo au choo cha mgonjwa. Yakiangukia majini huanguliwa, kijidudu humwingia konokono wa majini na kuzaliana ndani yake. Kisha hutoka vijidudu vingine vinavyopenya ngozi ya binadamu kwa muda wa dakika chache tu. Vijidudu hivyo hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, kuelekea katikati ya mchana. Yaani saa ile ile ya udhu wa adhuhuri.

Misri ndiyo iliyotoa funzo chungu kuliko yote. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliwatibu wakulima wa kingo za Nile kwa sindano za dawa ya antimoni. Sindano zile zile zilitumika kwa watu wengi bila ya kutakaswa inavyopasa, na kwa njia hiyo zikasambaza homa ya ini ya aina ya C, hata Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani. Baadaye yakaja matangazo ya televisheni yakimtaka fallahi aupe mgongo mfereji. Ushauri ulikuwa wa haki. Lakini tunauliza: mkulima wa mpunga ataupaje mgongo mfereji, na shamba lake limo ndani ya maji? Elimu isiyomwonyesha mtu njia anayoweza kuipita humwacha pale pale alipokuwa.

Turudi kwetu. Mwaka 1967 takriban watu wazima wawili katika kila watatu Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo, mwaka 1973 ilifanyika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu walikusanyika kwa makundi, wakasikiliza Radio Tanzania, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua watakalolifanya. Yalizungumzwa malaria, safura, kuhara damu, kifua kikuu na kichocho. Viongozi wa makundi wapatao 75,000 walifundishwa. Ilitarajiwa watashiriki watu milioni 1. Walishiriki kiasi cha milioni 2. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu.

Siri ya mafanikio yale ilikuwa nini? Kwa rai yetu ni mambo matatu. Kwanza, lugha ilikuwa Kiswahili cha kila mtu. Pili, asiyejua kusoma hakuachwa nje, kwani masikio yake yalitosha. Tatu, kila kikao kiliishia kwenye tendo: shimo lichimbwe, nyasi zifyekwe, maji yachemshwe. Hata hivyo haikudumu ipasavyo. Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 1973 na 1976, Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya watu, na aliyehamishwa alikiacha choo chake nyuma. Ujuzi hauna budi kupata ardhi ya kusimamia.

Tanzania bado huhesabiwa ya pili barani Afrika, baada ya Nigeria, kwa mzigo wa kichocho. Dawa ya vidonge, prazikwanteli, ipo, na watoto wa shule hugawiwa. Lakini kidonge hakimzuii mtu kuambukizwa tena kesho yake.

Hapa tukiri upungufu wetu sisi walimu wa dini. Kijana hutujia akitaka kujua hukumu ya mkojo wenye damu. Mwanamke huuliza juu ya damu isiyo ya hedhi. Tunafungua kitabu, tunajibu masuala ya udhu na istihadha, na jibu huwa sahihi. Kisha tunamwacha aende zake. Wako watu wanaodhani damu ya mkojo ni dalili ya kijana kubalehe. Na wako wanawake ambao kichocho kimewajeruhi sehemu za uzazi, hata wakakosa watoto, nao wakadhaniwa kuwa na maradhi ya zinaa. Mke akasingiziwa, ndoa ikavunjika, na mkosaji alikuwa maji ya mfereji. Je, sisi tuna tofauti gani na wale wenzake mtu wa jiwe?

Basi hukumu ya udhu na iende pamoja na neno jingine: nenda zahanati ukapimwe. Na yako mambo ambayo msikiti waweza kuyafanya bila ya kungoja mfadhili. Maji ya udhu yatekwe na kuwekwa katika pipa lililofunikwa kwa siku 2 kamili. Vijidudu hivyo hufa, na maji hubaki twahara. Choo kijengwe karibu na mashamba, mbali na mfereji, ili anayelima asilazimike kujisaidia penye maji. Na khutba ya Ijumaa msimu wa kupandikiza iyaeleze haya kwa lugha ya mkulima.

Wenye kujua sababu ya kichocho wapo, na wenye kuumwa wapo. Kinachokosekana ni ulimi wa kuwaunganisha, na ulimi huo, katika vijiji vingi, ni wetu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.