Kariokor, Burma, Peponi: Askari wa Eastlands katika Bunilizi za Kisayansi za Vita

Ni rahisi kudhani kwamba bunilizi ya kisayansi ya kijeshi, yaani ule utanzu unaosimulia majeshi, silaha na vita vya wakati ujao au vya sayari za mbali, ni mali ya Wamarekani na Waingereza na haituhusu ndewe wala sikio. Makala haya yanakusudia kuipinga dhana hiyo, tena kwa kuanzia mahali ambapo mhakiki wa utanzu huu hangetarajia kuanzia, nayo ni mitaa ya Eastlands, Nairobi. Tunadai kwamba vita vya mitaa hii vimekwisha kuingizwa katika utanzu huo, ila aliyeviingiza ni mgeni. Na kwamba ugeni huo umeacha alama katika kazi zenyewe.

Tutazame kwanza majina. Anayeingia Eastlands kutoka katikati ya jiji hupita Kariokor, jina lililotoholewa kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia ambamo makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Akifuata Barabara ya Jogoo hufika soko la Burma, linalokumbusha vita vya askari wa King's African Rifles dhidi ya Wajapani katika miaka ya 1940. Mbele kuna Mbotela na Ofafa, mitaa iliyopewa majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, viongozi waliouawa Nairobi mwaka 1952 na 1953, Hali ya Hatari ilipokuwa imetangazwa. (Mbotela, tukumbuke, ni jina la ukoo uliotupa pia *Uhuru wa Watumwa* mwaka 1934.) Kaskazini kuna Eastleigh na uwanja wake wa ndege za kijeshi, upande wa kusini-mashariki, kambi ya Embakasi. Ni nadra kupata sehemu ya jiji iliyobatizwa na vita kiasi hiki. Lakini mpagazi wa Kariokor hakuacha kitabu. Ameacha jina tu, nalo limeharibika kimatamshi hata wengi wanaolitamka kila siku wakipanda matatu hawajui kwamba wanamtaja.

Utanzu wenyewe ulizaliwa katika dola iliyomwajiri mpagazi huyo. Wahakiki wengi huanzia na *The Battle of Dorking* ya George Chesney, afisa wa jeshi la Uingereza, iliyotoka mwaka 1871 na kusimulia Uingereza ikivamiwa na adui mwenye silaha bora. Mwaka 1898 ikatoka *The War of the Worlds* ya H. G. Wells, ambamo viumbe wa Mirihi wanawafanyia watu wa London kile ambacho watu wa London walikuwa wakiwafanyia wengine; Wells mwenyewe anawataja wenyeji wa Tasmania katika kurasa za mwanzo ili msomaji asikose kuielewa hoja. Mwaka mmoja baadaye, 1899, reli ilifika Nairobi. Hatusemi kwamba Wells alikuwa na Nairobi akilini. Tunachosema ni kwamba kile alichokibuni kama jinamizi la wakati ujao kilikuwa, kwa watu wa eneo hili, habari ya mwaka uliofuata: mashine ya chuma isiyozuilika, na nyuma yake watu wenye bunduki wanaopima ardhi.

Baada ya vita vya pili utanzu ukahamia Marekani, na waandishi wake wakuu wakawa watu waliovaa sare. Robert Heinlein, aliyetoa *Starship Troopers* mwaka 1959, alihitimu chuo cha wanamaji cha Annapolis. Joe Haldeman alijeruhiwa Vietnam kabla ya kuandika *The Forever War* (1974), na David Drake, mwandishi wa *Hammer's Slammers* (1979), alipigana vita hivyo hivyo. Kitabu cha Haldeman ndicho kinachotufaa zaidi hapa. Askari wake husafiri kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Kwake inapita miaka michache, ilhali duniani zinapita karne. Kila anaporudi nyumbani anakuta lugha, fedha na hata mapenzi yamebadilika. Fizikia ya nadharia ya uhusianifu imefanywa hapa kuwa sitiari ya askari anayerejea na kukuta kwamba nyumbani hakuna tena mahali pake.

Sasa tuisome *"Mau Mau" General* ya Waruhiu Itote (1967) kando ya riwaya hiyo. Itote, aliyejulikana baadaye kama Jenerali China, alipigana Burma akiwa katika King's African Rifles. Huko alizungumza na askari Mwingereza na, akiwa likizoni Calcutta, na askari Mwamerika mweusi, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyomfungua macho kisiasa. Aliporudi alifanya kazi ya kuchochea moto wa garimoshi katika shirika la reli. Wazungu waliotoka vitani waliandaliwa mpango wa kupewa mashamba katika nyanda za juu. Askari Mwafrika hakuandaliwa chochote cha namna hiyo. Tofauti na askari wa Haldeman ni ya kushangaza. Yule anarudi na kukuta jamii imemtangulia. Huyu anarudi akiwa ameitangulia jamii ambayo utawala umeamua isisogee. Ameona wazungu wakiogopa, wakikimbia na kufa. Amejifunza kutumia silaha za kisasa. Kisha anaambiwa kwamba saa ya Kenya bado inasoma 1939. Upotofu wa wakati ambao Haldeman alilazimika kuutafutia nyota zilizoporomoka, ukoloni uliuzalisha kwa amri za serikali.

Kilichofuata kinajulikana, lakini hakina budi kutajwa hapa kwa sababu ya zana zake. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Uingereza lilianza Operesheni Anvil. Mitaa ya Waafrika ilizingirwa, watu wakapangwa mistari mbele ya gakunia, yule mchongezi aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa vizuizini. Wakati huo huo, kutoka uwanja wa Eastleigh, ndege za mabomu aina ya Lincoln zilikuwa zikiruka kwenda kuiangushia mabomu misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mkazi wa Bahati au Shauri Moyo aliyeokoka msako aliweza kuzisikia. Upande wa pili mafundi walikuwa wakitengeneza bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango na vipande vya mpira. Msomaji wa riwaya za kijeshi atajua kwamba utanzu huu hupenda mno kueleza silaha: uzito wake, umbali wa risasi, namna inavyofunguliwa na kufungwa. Bunduki ya bomba, ambayo iliweza kumlipukia mwenyewe usoni, inastahili maelezo ya namna hiyo hiyo. Kwa maoni yetu inastahili zaidi, kwa kuwa aliyeiunda hakuwa na karakana wala mwongozo.

Aliyeipeleka historia hii angani ni Mike Resnick, Mmarekani mzaliwa wa Chicago aliyefariki mwaka 2020. Resnick aliitembelea Kenya na kuisoma sana, na ni haki kukiri kwamba aliipenda. Hadithi zake za *Kirinyaga*, zilizokusanywa kitabuni mwaka 1998, zinasimulia koloni la Wakikuyu katika anga ya mbali linalotawaliwa na mganga Koriba. Mbili kati yake zilipata tuzo ya Hugo. Hizo ndizo zinazojadiliwa zaidi. Sisi tunadhani kazi ya kuchunguzwa ni *Paradise* ya mwaka 1989, riwaya ya sayari iitwayo Peponi, jina la Kiswahili kabisa, ambayo historia yake ni ya Kenya iliyovikwa mavazi ya angani: wawindaji, walowezi, uasi, uhuru, na rais wa kwanza Buko Pepon anayemkumbusha msomaji Jomo Kenyatta. Baadaye Resnick aliandika mfululizo wa riwaya tano za kijeshi, *Starship*, kati ya 2005 na 2009, kuhusu afisa Wilson Cole anayeasi jeshi la Jamhuri ya wanadamu.

Mhakiki anayesoma kazi hizo mbili pekepeke atapitwa na jambo la msingi. Peponi na manowari ya Cole ziko katika ulimwengu mmoja wa kubuni, ambao Resnick alikuwa akiujenga kwa miongo kadhaa. Katika *Paradise* nguvu za wanadamu ndizo zinazoitwaa sayari ya watu wengine. Katika *Starship* nguvu hizo hizo ndizo mazingira ya ushujaa: Cole anapingana na wakubwa wake, lakini msomaji anaombwa aione vita kutoka ndani ya chombo chao. Na chombo chenyewe kinaitwaje? *Theodore Roosevelt*. Rais huyo mstaafu ndiye aliyefika Mombasa mwaka 1909, akapanda reli hadi bara na kuwinda wanyama kwa mamia. Hatudhani kwamba Resnick, aliyekuwa bingwa wa vitabu vya safari za uwindaji, aliliokota jina hilo ovyo. Mwindaji anayekuja na kuondoka ndiye shujaa wake wa kudumu. Katika *Paradise* pia msimulizi ni mtu wa nje, mwandishi anayeanzia kwa wawindaji na walowezi ili kuijua Peponi. Anayebaki mtaani baada ya ndege kuruka si msimulizi wake. Kwa hiyo uasi wa afisa una mfululizo mzima, nao uasi wa wenyeji unakuja kama taarifa.

Je, Kiswahili kilikuwa hakina namna ya kuyasema haya? La hasha. Vita vyenye maajabu vimo katika tenzi zetu tangu zamani. *Utenzi wa Ras il-Ghuli*, wenye beti zaidi ya 4,000, hauoni haya kuwachanganya majeshi na majini. Shaaban Robert alivitungia vita vya 1939 hadi 1945 utenzi mzima, uliochapishwa mwaka 1967, akiingiza mapambano ya enzi ya vifaru na ndege katika bahari ya mizani nane. Kilichokosekana ni mwendelezo wa njia hiyo katika riwaya. Kizazi kipya cha Nairobi kimeanza kusogea, kwanza kwa filamu *Pumzi* ya Wanuri Kahiu (2009), kisha kwa toleo la *Afrofuture(s)* la jarida la Jalada mwaka 2015, ingawa hapo sauti kuu ni Kiingereza na vita si shughuli yake kubwa.

Kwa Kiswahili tunayo *Walenisi* ya Katama Mkangi (1995). Aghalabu husomwa kama riwaya ya jamii ya ndoto, na ni kweli kwamba sehemu kubwa yake inahusu nchi ya usawa ambayo jina lake, likikatwa vizuri, linatamka wale ni sisi. Lakini tunapendekeza isomwe kuanzia kwenye chombo. Dzombo, aliyehukumiwa kifo na dola, anatiwa ndani ya chombo cha kuruka ambacho kazi yake ni kuua. Anajifunza kukiongoza na kutua nacho salama. Mkangi alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga, wakiwemo wa Eastleigh na Embakasi, walijaribu kuipindua serikali. Chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka. Hezekiah Ochuka, aliyekimbilia Tanzania kwa ndege ya jeshi, alirudishwa na kunyongwa mwaka 1987. Mkangi mwenyewe aliwekwa kizuizini katika muongo huo. Riwaya haimtaji Ochuka wala Eastleigh, na hatudai kwamba ni fumbo la mapinduzi hayo. Hata hivyo, msomaji wa Kenya wa mwaka 1995 hakuhitaji tanbihi ili kujua maana ya mtu aliyehukumiwa kufa anayekaa peke yake mbele ya usukani wa chombo cha serikali, akibonyeza kitufe kimoja baada ya kingine ili aone kipi kitamtii.