Nane Nane ya Uyole: Dunia Ilipotufuata Nyumbani



Watoto wetu wakisikia maonesho makubwa wanafikiria Dubai au Sabasaba ya Dar es Salaam. Sisi tuliokulia Uyole miaka ya 1990, dunia ilitufuata nyumbani kila Agosti, katika viwanja vya John Mwakangale.

Zamani Siku ya Wakulima ilikuwa Sabasaba, tarehe ileile iliyozaliwa TANU mwaka 1954. Vyama vingi viliporudi, sherehe ya wakulima ikahamia Agosti 8, na Uyole ikawa mwenyeji wa Nyanda za Juu Kusini: Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma. Leo eneo hilohilo ni mikoa 7, maana wamezaliwa Njombe, Katavi na Songwe. Mwakangale mwenyewe alikuwa mbunge wa TANU, na Nelson Mandela alipopita Mbeya mwaka 1962 baada ya kutoka Afrika Kusini kwa siri, alikutana naye hotelini. Vijana wengi hupita getini chini ya jina hilo bila kujua.

Nakumbuka baridi kwanza, halafu vumbi. Asubuhi masweta mawili, mchana midomo imepasuka. Vifodi vilishusha watu njia panda ya Tukuyu tangu alfajiri. Mchele wa Kyela ulinukia kabla hujalifikia banda lake. Iringa walileta ulanzi, nasi watoto tukafukuzwa hapo. Kwenye banda la Magereza kulikuwa na ng'ombe wa maziwa wenye viwele vikubwa hadi wazee wakabishana kama ni vya kweli.

Ila kilichobaki nyumbani kwetu ni mbegu. Kituo cha utafiti cha Uyole, kilichojengwa kwa msaada wa nchi za kaskazini mwa Ulaya, ndicho kilichotoa maharage kama Uyole 84 na Uyole 96. Kilikuwa jirani yetu mwaka mzima, lakini mama alimuuliza mtaalamu wake swali kwa mara ya kwanza kwenye vipando vya Nane Nane. Aliuliza nafasi kati ya mashimo, akapima kwa hatua zake, akarudi na kilo mbili za mbegu amezifunga kwenye khanga. Misimu miwili baadaye tuliacha kununua maharage, na ya ziada yakalipa ada yangu ya sekondari. Nimekagua vitabu vya makampuni miaka mingi. Sijaona mtaji mdogo uliozaa namna ile.

Maonesho ni siku 8. Siku 357 zilizobaki mtoto wa Uyole havioni vipando hivyo. Ndiyo maana bajeti ya chama mwaka huu ina fungu la vipando vya kudumu katika shule zetu za msingi: mbegu, mbolea, uzio na nauli ya bwana shamba. Fungu ni dogo mno kulinganisha na la ukumbi, na kwenye kikao nilisema hivyo. Anayetaka mchango wake uende huko aandike "vipando" kwenye fomu, ili mweka hazina asiupeleke kwenye ukumbi.