Samaki na Vijidudu vya Ziwani

Leo tuwatazame usipa, wale wakavu wanaopandishwa huku milimani Matiri kutoka Ziwa Nyasa. Chakula chao ni vijidudu vidogo mno vinavyoelea majini.

Usipa huwinda kwa macho. Kijidudu kikubwa huonekana upesi, nacho huliwa kwanza. Kidogo husalimika, kikazaa. Ndiyo maana penye samaki wengi wa namna hii vijidudu vikubwa huwa haba.

Mwaka 1959 dagaa wa Ziwa Tanganyika walipelekwa Ziwa Kivu, ambako huitwa sambaza. Huko hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vya kilindini. Watu walipata kitoweo, na jambo hilo si dogo. Lakini mwaka 1986 mtaalamu Dumont aliandika kwamba dafnia, kijidudu kikubwa, kimetoweka.

Miaka ileile ya 1980 wako waliotaka dagaa hao waletwe Nyasa pia, wakale funza wa wale inzi wanaopaa juu ya ziwa kama moshi. Funza hao nao hula vijidudu, na mchana hujificha chini gizani. Mwaka 1985 mtaalamu Eccles alionya. Je, usipa wangalishindana na mgeni huyo kwa chakula kipi? Dagaa hawakuletwa.