Habari za Rabai na Freretown: Maskini na Wanaomsaidia

Kila mwaka, hesabu za chama zinaposomwa mbele ya mkutano mkuu, swali moja hurudi: fedha za msaada zampasa nani, naye akiisha kuzipokea, je, sisi tuliotoa tuna amri gani juu yake? Wako wasemao kwamba Mkristo hutoa asidai neno. Wako wasemao kwamba mali ya watu wengi haitolewi bila masharti. Twaona kuwa maneno hayo yote mawili yalikwisha kujaribiwa hapa hapa nchini, huko pwani, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Yafaa wanachama na wazee wetu wazijue habari zile kabla ya kupiga kura juu ya pendekezo tulitajalo mwishoni.

Dokta Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1846 alijiunga naye Bwana Rebmann, wakajenga Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya mji. Kwa miaka mingi mafundisho yao hayakupata watu. Wa kwanza kubatizwa, mwaka 1851, alikuwa Mringe, kiwete aliyekuwa karibu kufa. Waandishi wengi humpita upesi ili wafikilie habari za safari na milima yenye theluji. Sisi twapenda kumtaja kwanza, kwa kuwa misheni ile, kabla haijawa na shamba wala ghala wala shule ya kugawia watu, ilimpokea mtu ambaye hakuwa na chochote cha kuipa, nayo haikuwa na kikubwa cha kumpa.

Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1873. Tarehe 5 Juni mwaka ule Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba uliofunga masoko ya watumwa na kukataza wasisafirishwe baharini. Manowari za Kiingereza zilizidi kukamata majahazi, na kila jahazi lilipokamatwa palizuka shida mpya: watu wale wapelekwe wapi? Makwao kulikuwa mbali sana, na wengi walikuwa watoto wasioijua njia waliyopitishwa. Misheni ya C.M.S. ikamtuma Padre William Salter Price, ambaye hapo awali alikuwa amewalea watumwa waliookolewa huko Nasik, Bara Hindi. Alifika Mombasa mwaka 1874, ikanunuliwa ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, na mwaka 1875 mji ukaanza. Uliitwa Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyekuwa amekwenda Zanzibar kudai mkataba ule. Ilitundikwa na kengele ya kuwaonya watu wakati wa hatari, na mahali pake huitwa Kengeleni hata leo.

Tusiidharau kazi ile. Watu kwa mamia walioshushwa ufukweni hawana nguo wala jamaa walipewa nyumba, jembe na mahali pa kulima, na watoto wao wakasoma. Lakini walipewa na bwana mwingine. Mji uliendeshwa kwa amri ya wasimamizi wa Kizungu. Wao ndio waliopanga kazi, na wao ndio waliohukumu. Mwaka 1881 malalamiko juu ya viboko na vifungo yalimfikia balozi wa Kiingereza aliyekaa Zanzibar, yakachunguzwa, na msimamizi wa wakati ule akaondoka. Mtu aliyefunguliwa mnyororo baharini alikuwa amechapwa nchi kavu, tena na watu waliochangiwa fedha na makanisa kwa ajili yake. Hatudhani kwamba walikuwa watu waovu kuliko wengine. Walikuwa wamezoea kuamini kwamba alishaye ndiye mwenye haki ya kusema, na hakuna aliyewekwa juu yao kuwauliza.

Waliouliza walikuwa Waafrika waliotoka Bombay. Hawa walikuwa wameokolewa utotoni, wakasomeshwa Nasik, na baadhi yao, kama William Jones na Ishmael Semler, walifika Rabai mwaka 1864, miaka kumi kabla ya Price. Walijua kusoma na kuandika, walijua kazi za mikono (Jones alikuwa mhunzi), na zaidi ya yote waliujua utumwa kwa miili yao wenyewe.

Basi hapo ndipo ilipo tofauti ya Freretown na Rabai. Mkataba wa 1873 haukuuondoa utumwa wenyewe. Aliyekamatwa baharini aliwekwa huru. Aliyetoroka shamba la bwana wake Malindi au Mombasa alihesabiwa bado kuwa mali ya mtu, na balozi aliwaonya wamisheni wasimpokee. Onyo hilo lilikuwa na sababu yake: mwaka 1880 wenye watumwa walitishia kuishambulia Freretown. Hata hivyo Mkristo aliyesoma Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, alikuta humo Musa akikataza mtumwa aliyekimbia asirudishwe kwa bwana wake. Afuate sheria ipi?

Wakristo wa Rabai walijibu kimya kimya. Mtoro alipofika usiku alipewa mahali pa kulala, akapewa kipande cha kulima, akahesabiwa kuwa jirani. Huko Fuladoyo, upande wa Wagiriama, Wakristo Waafrika walianzisha kijiji kizima cha watoro bila Mzungu wa kuwasimamia, na David Koi, mmoja wa viongozi wao, aliuawa mwaka 1883 kwa ajili ya hifadhi hiyo. Mwaka uliofuata njaa iliikamata pwani, hata wazazi wakaweka watoto wao rehani kwa nafaka, na wenye njaa nao wakapanda Rabai. Waliotoa walikuwa hawana ghala. Mara nyingi aliyetoa alikuwa mtoro wa juzi, akimgawia mtoro wa jana.

Price aliporudi mwaka 1888 aligundua kwamba mamia ya wakazi wa Rabai walikuwa watoro. Wakubwa wa misheni waliona aibu, kwa sababu walikuwa wakiwahakikishia wenye watumwa kinyume cha hayo. Jones, aliyekuwa kiongozi wa hapo, alilaumiwa. Jambo likamalizwa kwa fedha: Bwana George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki alikubali mabwana walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, zikatolewa hati za uhuru. Waliokombolewa hapo na katika vituo vingine vya misheni walikuwa kama 1,400. Ni tendo jema, nasi hatulibezi, ingawa haiachi kutushangaza kwamba fidia yote ilikwenda kwa aliyemiliki, na aliyemilikiwa akapata karatasi. Sheria ya kuiondoa hali ya utumwa mbele ya mahakama ilikuja mwaka 1907.

Wanachama watauliza haya yanahusu nini mfuko wa wajane na wazee. Yanahusu sana. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, kanisa la kwanza lilikuwa na mfuko kama wetu, na mara likapata malalamiko kama yetu: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaonya wajane wale wanyamaze. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kuisimamia huduma, na majina yote saba, kuanzia Stefano, ni ya Kiyunani. Yaani mfuko uliwekwa mikononi mwa watu walioweza kusikia kilio kwa lugha yake.

Halmashauri yaleta pendekezo kwamba wale wapokeao msaada wa chama wachague wenyewe wawili miongoni mwao, mmoja mwanamke, waketi nasi wakati maombi yanapopimwa, wenye haki ya kusema na ya kupiga kura. Baadhi ya wazee wamepinga, wakisema apokeaye hawezi kuwa mwamuzi wa mfuko. Hoja yao imeandikwa katika kumbukumbu za mkutano, nayo itasomwa kwanza.