Kabla ya Kasparov: kompyuta zilivyoanza kuwatoa jasho wababe wa chesi

Wadau, kuna swali ukiliuliza popote unajibiwa fasta: kompyuta ilimfunga lini binadamu kwenye chesi? Utaambiwa 1997, Deep Blue ya IBM na Garry Kasparov, basi, imeisha hiyo. Ni kweli mechi hiyo ilichezwa New York mwezi Mei 1997 na Kasparov akalala kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Lakini ile ilikuwa fainali tu. Mechi za mchujo zilianza miaka thelathini nyuma, na mimi naona huko ndiko kwenye utamu wenyewe, maana mashine zilikuwa bado butu na watu walikuwa bado wanabisha.

Kwa wasioijua chesi (wengine huiita sataranji): ubao ni ule ule wa miraba 64 kama wa drafti, ila badala ya vizibo vya soda kila mchezaji ana kete 16 za aina sita, na kila aina ina mwendo wake. Unachotafuta ni kumbana mfalme wa mwenzako mpaka akose pa kukimbilia.

Sasa shida ya kompyuta iko wapi? Iko kwenye hesabu. Mmarekani Claude Shannon aliieleza vizuri kwenye makala yake ya mwaka 1950. Chukulia kwamba kila zamu mchezaji ana kama njia 30 za kucheza. Na mwenzake naye akijibu ana 30. Yaani wewe mara moja na yeye mara moja, tayari kuna njia 900. Mkirudia, zinapita laki nane. Mkirudia tena ni zaidi ya milioni 700, na hapo kila mtu amecheza mara tatu tu! Shannon akasema mashine ina njia mbili: ichungulie kila kitu lakini kwa umbali mfupi, au ichague njia chache zenye maana na kuzifuata mbali kama afanyavyo binadamu. Wengi waliipenda ya pili kwa sababu ndiyo inayofanana na akili. Iliyokuja kushinda ni ile ya kwanza. Nguvu tupu.

Miaka ya mwanzo nisiwachoshe nayo. Muingereza Alan Turing aliandika programu yake kabla hajapata kompyuta ya kuiendesha, hivyo mwaka 1952 akajifanya kompyuta yeye mwenyewe, akifuata maagizo kwenye karatasi hatua kwa hatua. Akafungwa. Mwaka 1956 kule Los Alamos, Marekani, kompyuta iitwayo MANIAC ilicheza kwenye ubao uliopunguzwa ukawa wa miraba 36, tena bila maaskofu, na ikamfunga mtu aliyekuwa ndio kwanza anajifunza. Hapo hakuna wa kutishika.

Mambo yalianza kuwa mambo mwaka 1967. Richard Greenblatt wa chuo cha MIT alitengeneza programu iitwayo Mac Hack, akaipeleka kwenye mashindano ya kawaida ya watu, na ikafunga mtu kwenye mashindano rasmi. Haijawahi kutokea kabla ya hapo. Mwaka huo huo ikacheza na Hubert Dreyfus, mwanafalsafa aliyekuwa anawaponda watu wa akili bandia kwamba wanaahidi makubwa wasiyoyaweza. Dreyfus akapigwa. Wapinzani wake walimcheka mno, ingawa kusema haki hakuwa mchezaji mkali, na kumfunga mwanafalsafa kwenye chesi hakumaanishi hoja zake zimekufa.

DAU LA EDINBURGH

Hapa ndipo anaingia mtu ninayemhusudu kwenye stori yote hii, David Levy. Mwaka 1968 alikuwa kijana wa miaka 23, bingwa wa chesi wa Uskoti. Mwezi Agosti mwaka huo kulikuwa na mkutano wa wataalamu wa akili bandia mjini Edinburgh. Kwenye tafrija moja Levy akacheza na John McCarthy, profesa mzito sana, yule aliyeipa akili bandia jina lake la Kiingereza. Levy akamfunga. McCarthy akamwambia, sawa, wewe umenifunga mimi, lakini ndani ya miaka kumi itakuwepo programu ya kukufunga wewe. Levy akasema haiwezekani. Wakawekeana dau la pauni 500, na profesa Donald Michie, mwenyeji wao pale Edinburgh, akaingia upande wa McCarthy.

Pauni 500 za mwaka 1968 hazikuwa pesa ya soda, jamani, hasa kwa kijana anayeanza maisha. Na wasomi wengine wakazidi kujiunga dhidi yake mpaka dau likafika pauni 1,250. Fikiria hao waliokuwa upande wa pili: siyo wapiga domo wa kijiweni, ni watu waliokuwa wanazitengeneza hizo mashine kwa mikono yao.

Miaka ya kwanza Levy alilala usingizi. Halafu kukatokea vijana wa chuo kikuu cha Northwestern, David Slate na Larry Atkin, na programu yao iliyoitwa Chess, tu, kisha namba. Wakaacha ujanja wa kuchagua njia chache, wakaiacha mashine ichungulie kila kitu, wakaiweka kwenye kompyuta kubwa za Control Data. Julai 1976 ikaenda California kwenye mashindano ya Paul Masson, daraja la B, ikashinda michezo yote mitano. Mwaka 1977 ikabeba mashindano ya wazi ya jimbo la Minnesota. Mwaka huo huo ikamfunga Michael Stean wa Uingereza kwenye mchezo wa haraka haraka. Stean alikuwa grandmasta! Kwa hiyo mdau akikuambia grandmasta wa kwanza kufungwa na kompyuta ni Kasparov, mpe hiyo.

Levy naye akaanza kujiandaa. Dawa aliyoipata ni ya kuchekesha: usifanye kitu, ila usikifanye kwa ustadi. Kompyuta za wakati ule zilikuwa hatari pale kete zinapokulana ovyo na mambo yakiwa wazi, kwa kuwa hapo ni hesabu tu. Ukifunga ubao, ukasogeza kete zako taratibu nyuma ya askari wako, mashine inakosa cha kuhesabu. Haina mpango. Inaanza kusogeza kete huku na huko na kujiharibia yenyewe.

Kuna ugonjwa mwingine nao, ambao Hans Berliner, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa pia bingwa wa dunia wa chesi ya kwa njia ya posta, aliueleza vizuri. Mashine inaona mpaka umbali fulani halafu giza. Ikiona balaa linakuja, inatoa kafara kete ndogo ndogo ili balaa lisogee kidogo, likishapita mpaka wa macho yake inadhani limeondoka. Kumbe liko pale pale. Ni kama mtu anayekopa huku kulipa deni la kule, mwisho wa mwezi anajiona yuko vizuri.

Mechi ikachezwa Toronto, Kanada, kati ya Agosti na Septemba 1978, siku za mwisho kabisa za lile dau. Levy dhidi ya Chess 4.7. Ilikuwa ya michezo sita. Mchezo wa kwanza nusura aaibike, kompyuta ilimshika pabaya hasa, akachomoka na sare. Wa pili akashinda. Wa tatu akashinda. Wa nne akafanya kitu ambacho mimi mpaka leo sikielewi kwa mtu mwenye pesa mezani: aliamua kuacha dawa yake na kucheza wazi, vurugu kwa vurugu, mashine inavyopenda. Akapigwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kompyuta kumfunga masta wa kimataifa kwenye mchezo wa muda wa kawaida. Mchezo wa tano akarudi kwenye ubishi wake wa taratibu, akashinda, mechi ikaishia 3.5 kwa 1.5. Dau akalichukua.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na kisa kingine ambacho kwangu kinatisha kuliko hata mchezo wa nne. Ken Thompson wa maabara za Bell, mmoja wa waliotengeneza Unix, aliifanya kompyuta ichambue kikamilifu hali moja ya mwisho wa mchezo: mfalme na malkia dhidi ya mfalme na ngome. Vitabu vyote vilisema mwenye malkia anashinda kirahisi. Grandmasta Walter Browne, bingwa wa Marekani, akaweka dau kwamba ataishinda ndani ya hatua 50. Akashindwa! Mashine ilijitetea kwa namna ambayo hakuna mtu angeicheza. Akaenda kujifungia na kusoma, akarudi, safari hii akafanikiwa kwenye hatua ya 50 yenyewe, pumzi ya mwisho.

Thompson na mwenzake Joe Condon walikuwa na mashine yao, Belle, iliyojengwa kwa ajili ya chesi peke yake. Mwaka 1982 walipokuwa wanaisafirisha kwenda Moscow kwenye maonyesho, forodha ya Marekani iliikamata kwa kuogopa kwamba teknolojia inavuja kwenda kwa Warusi. Mwaka 1983 Belle ikapata hadhi ya masta wa Marekani.

Baada ya hapo mteremko. Novemba 1988, Long Beach, California, mashine iitwayo Deep Thought, kazi ya Feng-hsiung Hsu na wenzake wa Carnegie Mellon, ilimfunga Bent Larsen wa Denmark kwenye mashindano rasmi, tena kwa muda wa kawaida. Larsen siyo mtu mdogo, aliwahi kuwania nafasi ya kucheza na bingwa wa dunia. Mashine ikafungana kileleni na Tony Miles wa Uingereza, ila zawadi ya kwanza akapewa Miles kwa sababu kompyuta hairuhusiwi kubeba pesa. Oktoba 1989 Kasparov akaichapa 2 kwa 0 akaondoka anajidai. Hsu na Murray Campbell wakahamia IBM, na mtoto aliyezaliwa huko ndiye Deep Blue.

Na Levy je? Baada ya Toronto alikuwa ameongeza dau jingine: yeye dola 1,000 na jarida la Omni dola 4,000, kwa programu ya kwanza itakayomfunga kwenye mechi. Mwaka 1984 Cray Blitz ilijaribu, akaipiga 4 kwa 0 kwa dawa ile ile ya kukaa kimya. Desemba 1989 wakaja na Deep Thought. Levy alikuwa hachezi tena mashindano, lakini dawa anayo. Safari hii mashine ilikuwa inachungulia mamia ya maelfu ya hali kwa kila sekunde, na kimya chake hakikumsaidia. 4 kwa 0, zote zimeenda kwa kompyuta, na dola 5,000 zikaondoka.

Wa drafti najua mtauliza. Chinook, 1994, ikachukua ubingwa wa dunia baada ya Marion Tinsley kujitoa kwa ugonjwa, lakini ni drafti ya Waingereza ambayo kingi hairuki mbali kama yetu. Hiyo nitaiandika siku yake. Mwenye swali aliweke hapo chini.